Mti wa Uani Haukatwi, Unashushwa: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Mti Nyumbani

Kukata mti shambani na kuondoa mti uani ni kazi mbili, hata kama msumeno ni ule ule. Shambani mti una pa kuangukia. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, mwembe wa mita 12 umezungukwa na bati la jirani, ukuta wa tofali, waya wa umeme na mfuniko wa shimo la maji taka. Hauna pa kulala. Kwa hiyo miti mingi ya mijini haiangushwi. Hushushwa kipande kwa kipande kuanzia kileleni, na ajali nyingi huanza pale mtu anapoamua kufupisha njia hiyo ili kuokoa nusu siku.

Mwongozo huu unafuata taratibu za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya mwaka 1996 na Kenya ina yake ya mwaka 2016, hivyo aliye huko aanze kwa ofisi ya misitu ya huko kwa upande wa vibali. Sehemu za msumeno, kamba na kisiki hazibadiliki kwa kuvuka mpaka.

Kwanza, mti wenyewe una kosa gani?

Majani kujaa kwenye mfereji wa bati si sababu ya kuondoa mti. Kivuli kinachofanya nguo zichelewe kukauka nacho si sababu. Hayo humalizwa kwa kupogoa, na kupogoa kuzuri hakuzidi robo ya majani yote kwa mara moja. Kukata kichwa chote na kubakiza nguzo, kama tunavyoona mitaani kila mwaka kabla ya masika, ndiko kunakotengeneza mti wa hatari: machipukizi yanayoota pale yameshikwa na ganda jembamba la nje tu, jeraha kubwa linaoza kuelekea ndani, na baada ya miaka michache matawi mazito yanakuwa yamekaa juu ya kuni mbovu.

Sababu za kweli hujionyesha shinani. Zunguka mti asubuhi, taratibu, na uangalie haya.

Mwinamo. Mti ulioinama tangu mdogo huwa na shina la umbo la upinde, kwa kuwa kilele chake kimekuwa kikijinyoosha kufuata jua. Huo unaweza kuishi miaka mingi bila shida. Wa kuogopwa ni ule ulionyooka kama nguzo iliyoegemezwa, na udongo wa upande ulikotoka umepasuka au kuinuka. Huo umeanza kung'oka, na mvua moja kubwa inatosha kuumaliza.

Uyoga mgumu kwenye maungio ya shina na ardhi, ule unaofanana na kipande cha ubao au rafu ndogo. Ukiuona, mizizi au moyo wa mti unaoza hata kama majani bado ni ya kijani.

Sauti. Gonga shina kwa mgongo wa shoka kuzunguka pande zote, kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Mti mzima unalia kwa ukavu na ukali; palipo wazi pana mlio wa ngoma. Kama kuna tundu, ingiza fimbo upime kina chake, kisha ulinganishe unene wa ukuta wa kuni nzima uliobaki na nusu ya kipenyo cha shina. Ukuta ukiwa chini ya theluthi moja ya nusu hiyo, mti umepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuhimili upepo. Mfano: shina la sentimita 60 lenye ukuta mzima wa sentimita 8 tu halifai kuwa juu ya chumba cha kulala.

Panda. Shina linapogawanyika mara mbili kwa umbo la herufi V, na gome limekunjwa na kuzama ndani ya maungio, hapo hapajashikana. Panda ya umbo la U ni imara zaidi.

Mizizi iliyokatwa. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Fundi anachimba msingi wa ukuta au mtaro wa bomba, anakutana na mizizi minene upande mmoja, anaikata na kuendelea. Mti hauonyeshi kitu kiangazi chote. Masika inayofuata udongo unalowa, upepo unakuja kutoka upande usio na mizizi, na mti unalala upande wa pili. Ukijua mizizi ilikatwa karibu na shina, kwa umbali usiozidi mara tatu ya kipenyo chake, usisubiri dalili nyingine.

Kuhusu nyufa za nyumba, usiuhukumu mti kabla fundi ujenzi hajaangalia. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nyumba hupata nyufa hata pasipo mti. Zaidi ya hapo, ukiondoa mti mkubwa ghafla kwenye udongo huo, maji uliokuwa ukinywa yanabaki ardhini, udongo unavimba na kuinua msingi. Hapo ni heri kuupunguza kwa awamu, msimu hadi msimu.

Minazi ina hukumu yake. Ugonjwa wa kunyong'onyea huanza kwa nazi kudondoka kabla ya wakati, kisha makuti ya chini yanakuwa ya manjano, njano inapanda juu, na mwisho kichwa chote kinaanguka na kuacha nguzo tupu. Mnazi uliofika hapo haurudi. Uondoe mapema, maana gogo linalooza ni mazalia ya chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi mizima ya jirani.

Wakati mzuri kwa pwani ni Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu kabla ya masika, au Septemba kabla ya vuli. Katikati, kusi ikivuma kwa nguvu, kazi ya juu ya mti husimama hata kama jua linawaka.

Ni wako kweli?

Kupanda mti hakukufanyi mmiliki wake. Mti ulio nje ya bikoni zako unaweza kuwa wa hifadhi ya barabara, na kwa barabara kuu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati. Hapo ruhusa ni ya TANROADS; barabara za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA. Mpangaji naye hakati mti wa mwenye nyumba bila idhini ya maandishi, hata kama mkataba wake ni wa miaka mitano.

Tawi la mti wa jirani likivuka mpaka, unaruhusiwa kulikata hadi kwenye mstari wa mpaka, ukiwa umesimama upande wako. Kuingia kwake bila ruhusa ni kosa jingine, na kukata kwa namna inayoua mti wake kunaweza kukugharimu fidia. Matawi na matunda yaliyo juu yake ni mali yake, mrudishie. Kabla ya yote mwambie kwa mdomo, kisha kwa barua yenye tarehe, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Mti wake ukiwa unatishia nyumba yako na hataki kusikia, barua hiyo ndiyo silaha yako: siku ukianguka hawezi kusema hakujua. Ugomvi ukikomaa, baraza la kata lipo kwa ajili ya kusuluhisha, na likishindwa shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kibali

Watu wengi wanaamini mti ulio ndani ya ukuta wao hauhitaji kibali. Ni imani ya kubahatisha. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za mazingira zinazotaka kibali hata kwa mti wa kwenye kiwanja, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu aina fulani za miti kutangazwa kuwa ya akiba, yaani isiyokatwa bila kibali, popote ilipoota. Mvule, mninga na mpingo si miti ya kuamua mwenyewe. Mikoko yote ya Bara ni hifadhi, hata kama maji kujaa yanaifikisha nyuma ya jiko lako. Hiyo ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Na kama mti umeshika kingo za mto, ziwa au ufukwe, kumbuka kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Mlolongo wa kawaida ni huu. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mtendaji wa mtaa aigonge muhuri. Barua itaje namba ya kiwanja na kitalu, mtaa na kata. Aina ya mti na idadi. Kipenyo cha shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, urefu wa kukadiria, sababu, na unachokusudia kupanda badala yake. Ambatisha picha nne: mti mzima, shina, kasoro yenyewe, na umbali wake na nyumba au waya. Ongeza nakala ya hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano.

Vipimo hivyo havihitaji mtaalamu. Zungusha utepe wa fundi cherehani kwenye shina, gawanya kwa 3.14, umepata kipenyo. Kwa urefu, chukua fimbo yenye urefu sawa na umbali kati ya jicho lako na ngumi yako ukinyoosha mkono. Ishike wima, rudi nyuma kwenye ardhi tambarare mpaka fimbo iufunike mti kuanzia shinani hadi kileleni. Umbali kutoka uliposimama hadi shinani ndio urefu wa mti.

Afisa misitu au afisa mazingira atakuja kuangalia. Ada ikiwepo inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, si mkononi, na kibali kinatoka kwa maandishi kikitaja mti upi na muda wa kukata. Kikikwisha muda kabla ya kazi, kihuishwe. Siku ya kazi nakala iwe mfukoni mwa mwenye nyumba, kwa sababu mlio wa msumeno huleta watu.

Kusafirisha ni kibali kingine. Magogo na mbao zinapoondoka uani kwenda kuuzwa, barabarani zinadaiwa hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, na mbao hugongwa nyundo ya serikali. Wanunuzi wa magogo hupenda kumwambia mwenye nyumba "sisi tutashughulikia". Washughulikie kabla gari halijapakiwa.

Waya wa umeme

Laini za msongo wa kati, zile za kilovolti 11 na 33, ni nyaya tupu zisizo na ganda. Tawi bichi hupitisha umeme, kamba iliyolowa hupitisha, na ngazi ya chuma ndiyo usiseme. Kanuni ya kazi: ikiwa tawi lolote, au mkono wa mtu pamoja na msumeno wake, unaweza kufika ndani ya mita 3 za waya, hakuna anayepanda mpaka TANESCO wawe wamezima laini au wamepunguza matawi wenyewe. Toa taarifa ofisi ya wilaya, chukua namba ya taarifa na jina la kituo, na panga siku ya fundi baada ya hapo.

Waya wa sevisi unaotoka nguzoni kuja nyumbani una ganda, na hilo huwadanganya wengi. Ganda lililopigwa jua miaka kumi limepasuka. Uombe ushushwe kwa siku moja. Kuzima swichi kubwa ya ndani hakusaidii chochote, maana waya wa nje unabaki na umeme mpaka kwenye mita.

Nyuki

Kila mti wenye tundu uchukulie kuwa una nyuki mpaka uthibitishe hauna. Simama mita kumi na tano mbali saa nne asubuhi, jua likiwa kali, utazame tundu kwa dakika kumi. Wakiwa wanaingia na kutoka kwa mstari, kazi isubiri. Mtikisiko wa msumeno huwatoa wote kwa pamoja, na aliye juu ya mti akiwa amefungwa mkanda hana pa kukimbilia. Mfugaji wa nyuki huwahamisha usiku; kumwaga petroli tunduni na kuwasha moto kumeshababisha nyumba kuungua.

Utomvu nao usidharauliwe. Mkorosho na mwembe hubabua ngozi, na maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaweza kuleta upofu. Osha kwa maji mengi mfululizo, robo saa nzima, na uende hospitali.

Kumpata fundi

Mkwezi hodari wa nazi si lazima awe fundi wa kushusha mwembe, na mwenye chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ya kupasulia mbao si lazima ajue kupanda. Kushusha mti uani kunahitaji watu watatu kwa uchache: mpandaji, mshika kamba, na mtu wa chini anayelinda eneo na kusafisha matawi.

Muulize atauangusha vipi kabla ya kuuliza bei. Fundi mzuri ataangalia juu kwanza, atauliza shimo la maji taka liko wapi, atauliza magogo yanakwenda wapi. Anayetaja bei akiwa bado getini hajaiona kazi. Mwambie aonyeshe vifaa: kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, buti, suruali ya kinga yenye nyuzi za kusimamisha mnyororo, mkanda wa kupandia na kamba mbili za kujifungia. Mbili, kwa sababu anapohama kutoka tawi moja hadi jingine lazima moja ibaki imefungwa, na kwa sababu siku moja msumeno utaigusa mojawapo. Kwenye chenso angalia breki ya mnyororo, ile kinga ya mbele ya mkono: isukume mbele injini ikiwa inaunguruma, mnyororo usimame papo hapo. Kama breki imefungwa waya au imeng'olewa, mwage kwaheri.

Kampuni iliyosajiliwa huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, omba cheti. Ukiajiri vijana wa siku, hawana bima yoyote, na akianguka mtu kwako maswali yatakuja kwako.

Makubaliano yawe kwa maandishi, ukurasa mmoja unatosha: mti upi, kisiki kinaachwa kwa kimo gani au kinang'olewa, matawi yanakwenda wapi na kwa gari la nani, magogo ni ya nani, nani analipa bati, kigae au ukuta ukivunjika, kazi inaisha lini. Malipo ya kwanza yasizidi theluthi moja, na sehemu ya mwisho itoke baada ya uwanja kufagiwa. Kifungu cha magogo ndicho kinacholeta ugomvi. Fundi mwingine anataja bei ndogo kwa sababu amekwishahesabu mbao za mti wako moyoni.

Kuandaa uwanja

Siku moja kabla, waarifu majirani wa pande zote na mjumbe. Magari, ndoo, kamba za nguo na banda la kuku viondoke. Mfuniko wa shimo la maji taka uzungushiwe matairi ya zamani na usipitishwe gogo juu yake. Bomba la maji lijulikane linapita wapi. Kagua shina kwa misumari na vipande vya waya. Minazi na miarobaini ya uani ndiyo nguzo za kuanikia nguo, na msumari mmoja unamaliza mnyororo.

Eneo la hatari wakati wa kuangusha ni mzunguko wenye nusu kipenyo cha mara mbili ya urefu wa mti. Kwa mti wa mita 10, hakuna mtu ndani ya mita 20 isipokuwa mkataji. Mjini hilo linamaanisha kutoa watu ndani ya nyumba na kuweka mtu kila mwisho wa kichochoro.

Kushusha

Mpandaji huanza na matawi ya chini akipanda, kisha kilele, kisha shina akirudi chini. Hakati akiwa juu ya ngazi, hakati juu ya mabega, hashiki chenso kwa mkono mmoja. Ncha ya juu ya upanga wa msumeno, lile bapa la chuma linalobeba mnyororo, ikigusa kitu, msumeno huruka nyuma kuelekea usoni kwa kasi isiyozuilika kwa nguvu za mkono.

Tawi dogo lisilo na kitu chini yake hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni wa chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, kina cha robo ya tawi. Wa pili ni wa juu kwenda chini, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza. Tawi linadondoka bila kuchana gome. Kama mti unabaki, mkato wa tatu unapita nje kidogo ya kile kivimbe kinachozunguka mzizi wa tawi, usikisawazishe na shina.

Tawi lililo juu ya bati hushushwa kwa kamba. Kapi hufungwa kwenye panda imara juu zaidi ya mkato, kamba inapita kwenye kapi, inashuka chini na kuzungushwa mara mbili au tatu kwenye shina, na hapo mshika kamba huachia pole pole akiwa amesimama pembeni. Anayeshika kamba kwa mikono mitupu bila kuizungusha popote ananyanyuliwa au anaachia.

Fanya hesabu kabla ya kukata. Kuni mbichi ya mwembe ina uzito unaokaribia kilo 900 hadi 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Gogo la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.2, yaani kilo 180 au zaidi. Likidondoka mita moja tu kabla ya kamba kukaza, mvuto unaongezeka mara kadhaa. Kamba ya manila ya milimita 12 ambayo imelala juani miaka miwili haiwezi mchezo huo. Jibu si kamba nene peke yake. Kata vipande vifupi, sentimita 40 hadi 50, na kamba isiwe na ulegevu kabla ya mkato.

Mnazi una mambo yake. Mkwezi asipande mnazi uliokufa, maana shina huvunjika katikati bila onyo. Huo hushughulikiwa kwa gari lenye kikapu, au kwa kuangushwa kama nafasi ipo. Ulio hai, nazi hushushwa kwanza, kisha makuti, kisha kichwa kwa kamba, kisha shina kwa vipande. Kuni yake ya nje ni ngumu, hivyo mnyororo unolewe mara kwa mara.

Pakiwa na nafasi ya kuangusha

Baada ya kushusha matawi, mara nyingi inabaki nguzo ya mita tatu au nne inayoweza kulazwa. Chukua mfano wa shina la sentimita 40.

1. Chagua mwelekeo unaofuata mwinamo wa asili wa shina. Safisha njia mbili za kukimbilia, kila moja ikirudi nyuma kwa mshazari upande wake. Usikimbie moja kwa moja nyuma ya mti.

2. Kata mdomo upande unaotaka liangukie: mkato wa juu unaoshuka kwa mshazari, na wa chini unaokutana nao, uwazi wa nyuzi 70 hivi. Kina kiwe sentimita 8 hadi 10, yaani moja ya tano hadi robo ya kipenyo.

3. Kata kwa nyuma, usawa wa sentimita 3 juu ya kona ya mdomo. Acha kukata ukiwa umebakiza ukanda wa kuni wa sentimita 4 kati ya mikato miwili. Huo ukanda ndio bawaba, na ndio unaoongoza shina kama bawaba ya mlango. Uwe na unene ule ule kushoto na kulia, la sivyo shina litajipinda kuelekea upande mnene.

4. Upanga ukishaingia vya kutosha, pigilia kabari ya mbao au plastiki nyuma yake. Kabari ya chuma ikiguswa na mnyororo ni balaa.

5. Shina likianza kusogea, zima, ondoka kwa njia uliyosafisha, tazama juu.

Kosa kubwa ni kukata mpaka bawaba ikaisha. Shina likipoteza bawaba linakwenda linakotaka. Kosa la pili ni kukata kwa njia hii mti ulioinama sana: unaweza kupasuka wima kabla mkato haujaisha na kumpiga mkataji kifuani. Mkaratusi una tabia hiyo. Huo mwachie anayejua kutoboa katikati kwanza. Na kwa mnazi, nyuzi zake hazishiki bawaba vizuri, hivyo ufungiwe kamba ya kuvutia hata ukiwa mfupi.

Dharura

Mti ukiwa umeangukia waya, kaa mita 10 mbali, zuia watoto, piga TANESCO. Kama kuna mtu amenaswa, Zimamoto ni 114. Mti uliolalia paa usikatwe kwa pupa: matawi yaliyopinda chini yake yamejikaza kama upinde, na yakikatwa upande usiofaa yanafyatuka. Anza na matawi huru ya pembeni, tegemeza shina kwa nguzo, kisha kata. Piga picha na umwite mtendaji kabla ya kuondoa gogo, ili kesho usidaiwe kibali cha mti ulioanguka wenyewe.

Kisiki

Mnazi hauchipui, na mvinje huchipua kwa nadra. Mwarobaini na mkaratusi huchipua kwa hasira. Njia rahisi kwa miti hiyo ni kupaka dawa ya glaifoseti kwenye mkato mbichi, ndani ya dakika chache kabla utomvu haujakauka, kwenye pete ya nje iliyo chini ya gome tu. Katikati ya kisiki hakunywi kitu. Soma kibandiko kwa kipimo, vaa glovu, na usitumie karibu na kisima.

Chumvi na oili chafu, tiba maarufu za mtaani, ni mbaya zaidi kuliko kisiki. Chumvi inaua udongo na kula nondo za msingi wa karibu. Oili inasafiri na maji. Kuchoma nako kunadanganya: moto huingia kwenye mizizi na kufukuta chini kwa chini kwa siku kadhaa.

Kung'oa kwa mikono, acha kisiki cha mita 1 ili kuwe na cha kusukuma. Chimba mtaro kukizunguka, nusu mita hadi mita moja kutoka shinani, kina cha sentimita 60, ukikata mizizi kwa shoka kila inapojitokeza na kuondoa kipande cha kila mzizi, si kuukata mara moja tu. Kisha tikisa kwa winchi iliyofungwa juu ya kisiki. Usifunge winchi kwenye nguzo ya baraza. Shimo lijazwe kwa tabaka za sentimita 20, kila moja ikishindiliwa, vinginevyo litatitia na kuvuta kibaraza.

Usipande mti mpya kwenye shimo lile lile. Mizizi mibovu chini yake bado inaoza. Sogea mita 2 au 3. Mdimu, mkomamanga na mpera hutosheka kuwa mita 3 hadi 4 kutoka ukutani. Mwembe wa kupandikiza upewe mita 6 hadi 8. Mkuyu na jamaa zake usiwalete kwenye kiwanja kabisa. Na kama kibali chako kilitaka upande miche badala ya mti uliokatwa, piga picha ya miche hiyo siku unayoipanda uiweke pamoja na kibali, maana afisa anaweza kurudi kuiulizia.